Walifaulu Mtihani Wangu, Kisha Dharura Ikaja

Nilipokabidhiwa jukumu la kuwafundisha wauguzi wenzangu namna ya kukabili majanga, nilikuwa nimefanya kazi katika idara ya dharura kwa miaka 11, nami niliamini kwamba miaka hiyo ilinitosha kuwa mwalimu. Niliandaa mafunzo kwa mfano wa yale niliyopata mwenyewe chuoni: siku 3 ukumbini, slaidi nyingi zilizojaa maandishi, daftari kwa kila mshiriki, mtihani wa maswali ya kuchagua na cheti chenye muhuri. Wahudumu wa magari ya wagonjwa waliitwa siku ya pili tu, kwa saa 2, wakakaa viti vya nyuma. Washiriki wote walifaulu. Nakumbuka nilivyopeleka orodha ya alama kwa uongozi nikiwa na fahari, kwa sababu hata waliopata alama za chini walikuwa wamevuka kiwango nilichokiweka.

Naandika haya kwa ajili ya muuguzi au mhudumu wa dharura ambaye leo amepewa jukumu kama lile na anafungua kompyuta ili aandike slaidi ya kwanza. Ningependa asipite njia niliyopita mimi, kwa sababu makosa yangu ya ukumbini yalikuja kumwangukia mgonjwa, na baada ya mgonjwa yakamwangukia muuguzi mchanga kuliko wote waliokuwa zamu.

Miezi 5 baada ya mafunzo yale, basi la abiria liliacha njia na kupinduka. Taarifa ya simu ilitufikia dakika chache kabla ya zamu ya jioni kukabidhi kwa zamu ya usiku, na ilisema tu kwamba majeruhi ni wengi. Kiongozi wa zamu nilikuwa mimi. Wa kwanza kufika hawakuletwa na gari la wagonjwa. Walikuja kwa magari ya wasamaria, wakitembea wenyewe, wengine wakichechemea, wakiwa na michubuko, mikono iliyoteguka na hofu kubwa. Tuliwapokea kama tunavyowapokea wagonjwa siku zote, yaani aliyetangulia alipata kitanda. Magari ya wagonjwa yalipowasili na wale waliokuwa wamebanwa ndani ya basi, vitanda vilikuwa vimejaa watu ambao wangeweza kuketi kwenye benchi. Kwamba wenye majeraha madogo hutangulia kufika hospitalini, kwa kuwa hawangoji machela wala kukatiwa vyuma, ni jambo linalojulikana sana kwa wanaoshughulika na majanga. Nilikuwa nimelifundisha mwenyewe. Lilikuwa swali la 14 la mtihani wangu, na karibu kila mtu alilijibu sawasawa.

Kadi za rangi za kuainishia majeruhi zilikuwa ndani ya kabati la stoo, na mwenye ufunguo alikuwa amekwisha kuondoka. Mtungi wa oksijeni wa akiba ulikuwepo tena umejaa, lakini kifaa cha kufungulia valvu yake hakikuonekana. Muuguzi mmoja alijaribu kuifungua kwa mkasi, ukateleza. Akaifunika kwa kitambaa akajaribu kwa vidole. Mwishowe alipiga magoti sakafuni, akaukumbatia mtungi kwa mkono mmoja na kuizungusha valvu kwa mwingine mpaka kiganja kikachubuka, na hatua 2 kutoka pale mgonjwa wake alikuwa akihema kwa kasi, macho yamemtoka. Muuguzi huyo ndiye aliyeongoza katika mtihani. Alijua kwa ghibu ni lita ngapi za oksijeni kwa dakika zinazofaa kila aina ya barakoa. Hakuwa amewahi hata mara moja kufungua mtungi ule kwa mkono wake, kwa sababu kazi hiyo siku zote ilifanywa na mhudumu mwingine wa zamu ya mchana.

Lililoniumiza kuliko yote lilitokea kwenye benchi karibu na mlango. Mzee mmoja alikuwa ameingia kwa miguu yake mwenyewe, akaketi, hakulalamika wala kuomba chochote. Muuguzi mchanga, ambaye hakuwa amemaliza mwaka kazini, alimwona anatokwa na jasho jembamba na midomo yake imepauka. Alimwendea daktari aliyekuwa akishona jeraha la kichwa, akamwambia, "Daktari, samahani, yule mzee pale naona kama hayuko sawa sana." Daktari akajibu, "Nakuja," bila kuinua uso. Muuguzi akarudi, akamshika mzee mkono, akangoja. Baada ya dakika kama 10 alimfuata tena daktari na kurudia maneno yaleyale, safari hii kwa sauti ya chini zaidi, kwa kuwa aliona haya kumsumbua mkubwa wake mara mbili. Mzee alikuwa akivuja damu tumboni. Alipoingizwa chumba cha upasuaji muda ulikuwa umepita, naye hakuamka.

Siku chache baadaye kiliitishwa kikao. Kiliitwa kikao cha kujifunza, ila tangu swali la kwanza ilikuwa dhahiri kwamba kinatafutwa kichwa cha kubebeshwa lawama. Muuguzi yule mchanga alisimamishwa mbele ya watu zaidi ya 20 akaulizwa kwa nini hakusema. Alijibu neno moja, "Nilisema," kisha akaketi. Mimi niliyekuwa kiongozi wa zamu, na niliyemfundisha, nilinyamaza. Nimefanya makosa mengi katika kazi hii, lakini ukimya ule ndio ninaoutubu hadi leo. Nilimfuata siku 2 baadaye kumwomba radhi, nikamkuta ameshaandika barua ya kuomba kuhamishwa. Sista mmoja mtu mzima, aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu, aliniita kando akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ulitufundisha habari za majeruhi. Namna ya kuambiana sisi kwa sisi hukutufundisha."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nianze upya. Nilisoma kwa miezi kadhaa, na jambo lililonifungua macho halikutoka hospitalini. Tarehe 27 Machi 1977, ndege 2 kubwa ziligongana kwenye barabara ya kurukia katika kisiwa cha Tenerife, wakafa watu 583. Katika moja ya ndege hizo, fundi wa chumba cha rubani aliuliza iwapo ndege nyingine ilikuwa imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu wa heshima kubwa katika shirika lake, alijibu kwa uhakika kwamba imetoka, na swali likaishia hapo. Nilipoyasoma maelezo hayo nilimwona muuguzi wangu amesimama mbele ya daktari. Baada ya ajali kama hiyo, sekta ya usafiri wa anga ilianza kuwafundisha marubani na wasaidizi wao namna ya kuzungumza chini ya shinikizo: mdogo aseme kwa uwazi, mkubwa asikilize kwa wajibu. Haikuachwa kuwa suala la tabia njema ya mtu. Ilifanywa stadi ya kufundishwa na kurudiwa, sawa na kutua ndege.

Kwa upande wa afya yapo mafunzo yaliyojengwa juu ya msingi huo, mojawapo ni TeamSTEPPS iliyoanza kutolewa Marekani mwaka 2006. Humo mna ngazi 3 za kusema ambazo nimezigeuza kwa maneno yetu: "Nina wasiwasi," kisha "Siridhiki na hali hii," kisha "Huu ni usalama wa mgonjwa, tusimame." Mtu akifika ngazi ya tatu, kila aliye chumbani husimamisha anachofanya, angalau kwa muda wa kutazama. Mwanzoni nilidhani kwamba kuyaandika maneno hayo kwenye bango kungetosha. Hayakutoka kinywani mwa mtu yeyote mpaka tulipoanza kuyatamka kwa sauti, kila wiki, huku madaktari wakiwepo. Inachukua mazoezi mengi mtu aliyelelewa kuheshimu wakubwa kuweza kumwambia daktari bingwa asimame, na inachukua mazoezi kama hayo kwa bingwa kutoudhika. Anayeandaa mafunzo bila kuwaingiza madaktari humo anawafundisha wauguzi kupiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Tulifanya vivyo hivyo kwa taarifa za kukabidhi mgonjwa. Usiku ule wa ajali, mhudumu wa gari la wagonjwa alikuwa amefunga mkanda wa kuzuia damu kwenye paja la kijana mmoja, akamtajia saa muuguzi wa kwanza aliyemkuta mlangoni. Muuguzi huyo akaitwa kwingine, na daktari wa upasuaji alipouliza mkanda umefungwa saa ngapi, hakuna aliyejua. Sasa tunatumia mpangilio wa hatua 4 ambao asili yake ni mawasiliano ya nyambizi za jeshi la majini la Marekani: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini yako, na unachoomba kifanyike. Hatua ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi. Tofauti kati ya "mzee hayuko sawa" na "mzee ana mapigo 130, presha inashuka, nadhani anavuja damu ndani, naomba uje sasa hivi" ni kwamba kauli ya pili haimwachii msikilizaji nafasi ya kusema "nakuja" na kuendelea kushona. Kisha anayepokea agizo hulirudia kwa sauti, na aliyeagiza huthibitisha. Wengi huona haya kurudia maneno kama watoto wa shule ya awali. Haya hiyo huisha kufikia zoezi la tatu.

Kuhusu kuainisha majeruhi, tulibakia na mfumo wa START, uliobuniwa mwaka 1983 huko Newport Beach, California, na hospitali ya Hoag pamoja na kikosi cha zimamoto cha mji huo. Uzuri wake ni uchache wa maswali, na rangi ya kadi huonyesha nani ahudumiwe kwanza: nyekundu, kisha njano, kisha kijani; nyeusi ni ya asiyeweza kuokolewa. Anayeweza kutembea hupewa kijani. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa hupewa nyeusi. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au ambaye damu ya kwenye ukucha hairudi ndani ya sekunde 2 baada ya kubonyezwa, au asiyeweza kufuata amri rahisi, hupewa nyekundu. Wanaosalia ni njano. Katika hatua hiyo anayeainisha haruhusiwi kutibu, isipokuwa kufungua njia ya hewa na kuzuia damu inayobubujika. Kwa mtoto upo mfumo wa JumpSTART, ambao humtaka mhudumu ampulizie pumzi 5 mtoto asiyepumua lakini mwenye mapigo kabla ya kumpa kadi nyeusi. Sisi tulikaa karibu mwaka mzima bila kumweka mtoto hata mmoja katika mazoezi yetu, na siku tulipomweka, wauguzi wawili walisahau kabisa hatua hiyo.

Jambo ambalo sikulitilia mkazo tangu mwanzo, na ambalo lingeweza kumwokoa mzee wa kwenye benchi, ni kwamba kadi ya kijani inaeleza dakika moja tu ya maisha ya majeruhi. Lazima apitiwe tena, na tena. Tangu wakati huo tunamteua mtu mmoja ambaye kazi yake pekee ni kuzunguka kwenye eneo la kijani akihesabu pumzi na kushika viganja, na katika kila zoezi huwa namnong'oneza mmoja wa majeruhi wa kuigiza wa kijani azidiwe kimyakimya baada ya dakika 15. Mwanzoni hakuna aliyegundua. Siku hizi hugunduliwa, japokuwa si kila mara.

Baada ya kusoma yote hayo niliharakisha mno, nikaingia katika kosa la pili. Niliamua kufanya zoezi la kushtukiza, nikiamini kwamba dharura haipigi hodi na kwa hiyo zoezi nalo lisipige. Saa 4 asubuhi, vijana waliopakwa rangi nyekundu walibebwa wakipiga mayowe hadi ndani ya idara iliyokuwa na wagonjwa halisi. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe alikurupuka, akamchomoa mtoto kitandani akakimbia naye nje, dripu ikakatika. Muuguzi mmoja, ambaye ndugu yake alikuwa amefariki katika ajali miezi michache kabla, alijifungia chooni akalia, naye alikuwa na haki. Mgonjwa mmoja halisi aliyekuwa na maumivu ya kifua alisubiri bila kuangaliwa kwa sababu watu wote walikimbilia majeruhi wa kuigiza. Tulisitisha zoezi baada ya dakika 9. Nilipata barua ya onyo, na nilistahili.

Kwa hiyo anayeanza ayazingatie haya kabla ya kumpaka mtu rangi. Zoezi litangazwe kwa wafanyakazi na kwa wagonjwa na ndugu zao, hata kama saa kamili itafichwa. Awepo mtu wa usalama ambaye hashiriki, mwenye mamlaka ya kulisimamisha. Liwepo neno moja la kukata zoezi, lijulikane na kila mtu. Sisi tunasema "Hii ni kweli" tunapokuwa na mgonjwa halisi aliyezidiwa, na mara hiyo kila kitu cha kuigiza husimama. Dawa na vifaa vya zoezi viwekewe alama na kuhesabiwa kabla na baada, kwa sababu tuliwahi kukuta bomba la sindano lenye maji ya mazoezi ndani ya droo ya dawa halisi, na mpaka leo nikilikumbuka mwili hunisisimka. Na kila mshiriki aulizwe faraghani, mapema, iwapo kuna jambo asiloweza kulikabili siku hiyo.

Kilichotusaidia hatimaye kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Mara 2 kwa wiki, wakati wa kupokezana zamu, tunafanya zoezi la dakika 10 palepale wodini, kwa vifaa vilevile vya wodi, na watu walewale watakaokuwa zamu. Wiki moja ni kufungua mtungi wa oksijeni kwa mwanga wa tochi. Wiki nyingine ni kutoa kadi za rangi mahali zinapowekwa, kwa kuhesabu sekunde. Wiki nyingine ni kukandamiza kifua: kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kupokezana kila dakika 2 kabla mikono haijachoka, maana aliyechoka huwa wa mwisho kukubali kwamba amechoka. Tafiti nyingi za ufufuaji zimeonyesha kwamba stadi hizi huanza kupotea ndani ya miezi 3 hadi 6 baada ya mafunzo, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mafunzo yangu ya siku 3, yaliyokuwa na umri wa miezi 5 usiku ule wa ajali, yalibakia kwenye vyeti tu.

Mazoezi ya wodini yana faida nyingine ambayo ukumbi hauwezi kuitoa, nayo ni kuumbua kasoro za mahali. Tuligundua kwamba machela haipiti kwenye kona ya korido iwapo kabati la nguo limefunguliwa. Tuligundua kwamba waya wa mashine ya kufyonza haufiki kwenye kitanda cha mwisho. Tuligundua kwamba simu ya ndani haisikiki pale feni inapowaka. Hakuna slaidi ambayo ingetuambia hayo, na kila kasoro ilikuwa na tiba rahisi iliyokuwa imengoja mtu aigundue. Ufunguo wa mtungi sasa umefungwa kwa mnyororo kwenye shingo ya mtungi wenyewe.

Kuhusu vifaa, usikatishwe tamaa na bei za madoli ya mafunzo. Åsmund Lærdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto kutoka Norwei, alitoa doli la kwanza la kufundishia ufufuaji mwaka 1960, na madoli ya namna hiyo yanabaki kuwa na thamani kubwa kwa kufundisha kina na kasi ya mikono. Lakini kujaza bandeji ndani ya jeraha linalovuja tumejifunza kwa kipande cha godoro kilichotobolewa, kikapitishwa mrija na kusukumiwa maji ya rangi kwa bomba la sindano. Gharama halisi ni muda. Kila muuguzi anayeondolewa zamu kwa saa 1 lazima nafasi yake ijazwe na mwingine, na uongozi utakuuliza hilo kwanza. Mimi sikuwa na jibu, hivyo mwaka wa kwanza mafunzo yalifanyika mchana tu, na wauguzi wa zamu ya usiku, ambao huwa wachache na ambao mara nyingi hawana daktari bingwa karibu, waliachwa. Hilo lilikuwa kosa la tatu. Anza na zamu ya usiku.

Kosa la nne lilikuwa kuwafundisha wahudumu wa magari ya wagonjwa na askari wa zimamoto kando na wauguzi. Tulipowaweka pamoja kwa mara ya kwanza uwanjani, nilimsikia muuguzi akiita, "Mlete huyu kwenye nyekundu!" na askari wa zimamoto akasita huku amebeba machela. Kwetu nyekundu ni mgonjwa anayehitaji kuhudumiwa kwanza. Kwake yeye eneo jekundu ni eneo la hatari, lenye moto au kemikali, ambako hapelekwi majeruhi hata kidogo. Alikuwa sahihi kusita. Tulikaa mchana kutwa tukilinganisha maneno, tukakuta mengine 6 ya namna hiyo. Tulikubaliana kusema "mgonjwa nyekundu" na "eneo la hatari", tukayaandika, tukayarudia. Kama huna uwezo wa kufanya zoezi kubwa la pamoja, waite viongozi wa pande zote wakae meza moja na ramani na vipande vya karatasi, waelezane nani anafanya nini dakika kwa dakika. Tulipofanya hivyo, saa 2 za mezani zilitufunulia mengi kuliko uwanja mzima.

Baada ya kila zoezi, na baada ya kila tukio halisi, tunaketi kwa dakika 15. Anayeongoza huanza kwa kueleza kosa lake mwenyewe, na hilo nalifanya kwa makusudi tangu kile kikao cha lawama. Hatuulizi nani alifanya. Tunauliza uliona nini wakati ule, na ulifikiri nini. Kisha tunachagua jambo moja tu la kurekebishwa ndani ya siku 7, likiwa na jina la mwenye kulishughulikia. Tulipokuwa tukichagua mambo 10, hakuna lililofanyika.

Mazungumzo hayo ya kazi nilitaka yawe pia tiba ya huzuni, nikawalazimisha watu waeleze walivyohisi mbele ya wenzao. Wawili waliacha kuhudhuria. Baadaye nilisoma mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011, nikakuta unaonya dhidi ya jambo hilohilo: mtu asisukumwe kusimulia yaliyomfika. Hatua zake ni kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Sasa baada ya tukio zito, kila mmoja anakuwa na mwenzake wa kumpigia simu kesho yake na baada ya wiki moja, na jina la mshauri wa nafsi limebandikwa ubaoni ili anayetaka aende bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kwa anayetafuta mahali pa kuanzia, Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kwa kushirikiana na Shirikisho la Kimataifa la Tiba ya Dharura, walitoa mwaka 2018 kozi ya huduma ya msingi ya dharura, iliyoandikwa kwa ajili ya wahudumu wasio na vifaa vingi. Inamwongoza mhudumu kupima kwa mpangilio mmoja kila mara: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, na mwili mzima. Natamani ningeianza kazi kwa hiyo badala ya slaidi zangu.

Mwaka jana kulitokea ajali nyingine, ndogo kuliko ile ya kwanza, majeruhi 8. Sikuwa kiongozi wa zamu, nilikuja kusaidia. Waliotembea walielekezwa kwenye benchi kabla hawajavuka mlango, na kadi zilikuwa shingoni mwao ndani ya dakika chache. Muuguzi wa zamu ya usiku, msichana mpole ambaye katika mazoezi ya kwanza sauti yake haikufika upande wa pili wa kitanda, alikuwa akizunguka kwenye eneo la kijani. Alisimama kwa mwanamke mmoja aliyekuwa amejikunja, akahesabu pumzi zake huku akitazama saa, kisha akageuka. "Daktari, nina wasiwasi na huyu." Daktari alikuwa akitazama picha ya eksirei. "Daktari, siridhiki. Anapumua mara 34 na mkono ni wa baridi. Naomba uje sasa." Daktari aliiweka picha juu ya meza, akaja. Mwanamke yule aliingizwa chumba cha upasuaji muda si mrefu baadaye, na wiki 2 baadaye alitoka hospitalini kwa miguu yake.

Katika kikao chetu cha dakika 15 ilibainika kwamba saa ya kufungwa mkanda iliandikwa vizuri kwenye paji la uso la majeruhi mmoja, ila kwa kalamu ambayo wino wake ulikuwa umeanza kufutika kwa jasho alipofika upasuaji. Mhudumu wa gari la wagonjwa alipewa siku 7 kutafuta kalamu isiyofutika kwa kila gari. Alizileta siku ya nne.